Enanga ya Kumzuia Liliane

Jumanne, 8 Julai

Nimeanza daftari hili leo. Sababu ni moja: jambo likiandikwa halipotei. Mimi nikisahau, daftari litakumbuka. Kalamu nimeitafuta nusu saa. Ilikuwa sikioni.

Liliane amepiga simu asubuhi na mapema. Ni binti yangu wa pekee, mwalimu huko Mwanza. Baada ya shikamoo hakupoteza muda. Amesema amesikia habari za maharage. Nikauliza maharage gani. Akasema yale yaliyoungua mpaka majirani wakaja na ndoo za maji. Nikamwambia maharage yalikuwa kidogo na ndoo zilikuwa mbili tu. Akasema amesikia pia habari za Misa. Ni kweli Jumamosi iliyopita nilivaa koti, nikaenda kanisani, nikakaa benchi la mbele saa nzima nikimlaumu padre kwa kuchelewa. Lakini mtu anaweza kukosea siku. Nina miaka sabini na miwili, siku nilizopitia ni nyingi, zinafanana.

Uamuzi wake huu hapa. Anakuja Jumamosi. Akiona kichwa changu hakiko sawa, nahama naye kwenda Mwanza, na kibanja changu cha migomba atapewa mtu akitunze.

Nani kamwambia? Hakuna mwingine. Ni Kokubanza, mke wa mzee Rwegoshora, jirani yangu wa chini. Ndoo ya pili ilikuwa yake.

Mwanza nimefika mara mbili. Nyumba ya Liliane ina geti, na uani ni saruji mpaka ukutani. Hakuna mgomba hata mmoja. Nitakalishwa kwenye kochi nitazame televisheni, na mtu atanikata kucha. Na Therese je? Mke wangu amelala upande wa juu wa kibanja, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Mwaka wa tatu huu. Kila asubuhi napita pale na jembe begani, nampa habari za jirani, nyingine za uongo kidogo maana ndizo alizozipenda. Nikiondoka, nani atampitia? Siendi. Naogopa na siendi.

Mchana nikaenda zahanati kuomba cheti cha akili timamu. Muuguzi Adventina amesema cheti cha namna hiyo hakipo. Akanipa mtihani. Akataja maneno matatu, ndizi, jembe, mvua. Akanipima presha, akauliza kahawa imekaukaje mwaka huu, kisha ghafla akataka nimrudishie yale maneno. Nikasema ndizi, jembe, kahawa. Akasema la tatu si kahawa. Nikamwambia kahawa ameileta yeye, na hata hivyo kwa mkulima wa Nyaishozi mwezi wa saba, kahawa ni kubwa kuliko mvua. Hoja hiyo hakuiandika.

Ila amesema jambo la maana. Kwamba ubongo haustaafu. Mzee akijifunza kuimba au kupiga ala, hata akianza na mvi zake, anakipa kichwa kazi nyingi kwa wakati mmoja: sikio lisikilize, mkono ufuate, kumbukumbu ipange. Akasema si dawa wala kinga ya kila kitu, lakini inasaidia. Akaongeza habari ndefu za mazoezi ya kila siku. Sikumsikiliza sana, nilikuwa nimeshasimama.

Muziki! Jumamosi Liliane atamkuta baba yake mwanamuziki. Siku nne zinatosha.


Jumatano, 9 Julai

Leo sikuweza kutulia. Nimeanika kahawa, nimeianua, nimeianika tena. Nimekwenda barabarani mara tatu bila shughuli.

Alasiri nikaenda mazoezi ya kwaya. Mwalimu wa kwaya ni Aristides, kijana mpole. Miaka ile nikiwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi, baba yake alileta kahawa kwangu. Kwa hiyo hakuweza kunikataa. Akaniweka kwenye besi, mstari wa nyuma.

Wimbo una mahali ambapo wote wananyamaza kidogo, kisha wanaingia pamoja. Walinyamaza. Mimi sikunyamaza. Tukarudia, sikunyamaza tena. Mara ya tatu nikaziba mdomo kwa kiganja, nikanyamaza vizuri kabisa, na wenzangu walipoingia nikabaki nimeziba. Wimbo ukaisha.

Aristides akateta na viongozi wake. Akarudi akasema kwaya imeamua kunipa heshima: nimekuwa mlezi wa kwaya. Nilifurahi. Nilishukuru kwa hotuba. Katibu ndiye aliyenieleza baadaye kwamba mlezi haimbi. Mlezi analeta soda na kukaa mbele.

Nimerudi nyumbani mbio mbio kwa hasira. Zimebaki siku tatu.


Alhamisi, 10 Julai

Sikutaka kufika huku, lakini shida haina adabu. Nimekwenda kwa mzee Rwegoshora.

Huyu mzee ana miaka themanini na mitatu, na kwa miaka kumi nimechoka kusikia sifa zake. Ana enanga, ile ala ya ubao uliochongwa tumbo, nyuzi nane juu yake. Mpigaji huketi chini na kuilaza mapajani. Kwenye sherehe yoyote hapa Nyaishozi, Rwegoshora akiishika enanga huwataja watu wa ukoo mpaka babu wa tisa bila kukwama. Watu husema, mwone mzee yule, kichwa bado kipya. Hata Therese alikuwa akisema, tena akinitazama mimi. Sasa nimejua siri yake. Kumbe si kichwa, ni enanga.

Nimemkuta mkekani uani, enanga mapajani, hajaanza kupiga. Shikamoo mzee. Marahaba. Nikaketi. Akaniuliza Therese hajambo.

Nikadhani sikusikia. Akarudia, mama wa nyumbani hajambo? Damu ilinichemka. Alikuwepo tukimzika! Siku ya kumaliza matanga alipiga enanga mpaka watu wakalia. Leo ananifanyia kejeli, kunipima kama nimesahau mpaka mke wangu. Nikamjibu hajambo, maana mkubwa ni mkubwa. Lakini nimeiweka moyoni.

Nikaomba kuazima enanga mpaka Jumapili. Mzee alikuwa anaelekea kukubali. Mara Kokubanza akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasema enanga haitoki katika nyumba hii hata kwa saa moja. Nikamkumbusha kwamba sisi ni majirani wa miaka arobaini. Akasema hata ningekuwa askofu. Mwanamke huyu ananipa chumvi, ananipa moto, mwaka jana alinipa mbegu za maharage debe zima. Leo kipande cha ubao kimemshinda. Anajua Liliane anakuja. Anataka nihamishwe, apanue shamba.

Nikaaga. Nilipofika kwenye ua mzee akaniita, nikarudi, akanisalimia upya, habari za siku nyingi, tena kwa furaha. Dharau juu ya dharau.


Ijumaa, 11 Julai

Nimewaza. Enanga ni nini? Ni ubao wenye tumbo, na nyuzi. Ubao wenye tumbo ninao: mtumbwi mdogo aliotuachia baba, wa kukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kinachokosekana ni nyuzi. Kokubanza abaki na yake.

Zamani waliweka mishipa ya ng'ombe, lakini ng'ombe ana mwenyewe. Nikaenda dukani kwa Mwanamisi. Huyu kwao asili ni Pangani, na Kiswahili chake kinateleza mpaka unajikuta umenunua usichotaka. Nikaomba nailoni ya kuvulia samaki. Akaniuliza nakwenda kuvua wapi, Nyaishozi hakuna ziwa. Nikasema ni ya muziki. Akasema haya babu, wenzio wakifiwa huoa, wewe umeamua kufuga mshipi. Wateja wakacheka. Nikatoka na nailoni, na kipande cha sabuni ambacho hata sijui kilifikaje mfukoni.

Nimetoboa matundu nane huku na nane huku. Nimefunga, nimekaza. Nikaketi mkekani kama mtu mwenye kazi yake, nikapiga.

Hakuna sauti. Ni kama kupapasa kamba ya kuanikia nguo. Nikakaza zaidi. Uzi wa tatu ukakatika ukanichapa sikio.

Halafu nyuki. Mtumbwi ule umekunywa rubisi miaka hamsini. Ukikaa juani unatoa harufu tamu, na nyuki hawabishi hodi. Nimekimbilia ndani, nimeacha kila kitu. Mbuzi akapata nafasi, akatembea juu ya kahawa yote jamvini, akalala. Nimetoka baada ya saa nzima. Jicho la kushoto limefumba kabisa.

Kesho Liliane. Nimekaa kizingitini. Nimeutazama ule mtumbwi kwa jicho moja. Wazo limekuja bila kuitwa. Nani kasema sauti lazima itoke kwenye nyuzi?


Jumamosi, 12 Julai

Asubuhi nimekwenda tena kwa Rwegoshora. Simu nimeiweka mfuko wa shati, ikinasa sauti. Kazi ya kunasa naijua, Liliane alinifundisha alipoileta simu hii. Kokubanza alikuwa mtoni. Nikamwambia mzee jicho linaniuma, anipigie kidogo nitulie.

Alipiga robo saa. Ngoja niseme kweli, hili daftari ni langu. Yule mzee anapiga. Mgongo wake ulinyooka, sauti ikatoka kifuani, vidole vikawa vya kijana. Kuna wakati nilisahau kwamba niko pale kuiba. Alipomaliza nikasema mzee asante, jicho linauma, acha niende. Nikazima simu nje ya ua.

Sikusikiliza yote, muda haukuwepo. Mwanzo ni safi kabisa. Nimebadilisha uzi uliokatika. Nimeusugua mtumbwi kwa sabuni ya Mwanamisi. Simu itakaa ndani ya tumbo la mtumbwi, chini ya kanga. Mimi nitachezesha vidole na midomo.

Liliane amefika saa tisa. Shikamoo baba. Akalitazama jicho. Nikamwambia nyuki. Akauliza nyuki walitoka wapi. Nikasema kwenye muziki. Akanitazama, na hapo hapo nikajua jibu lile halikunisaidia.

Amekuja na sanduku kubwa la magurudumu. Nikalibeba kwa heshima ya baba, nikashangaa wepesi wake. Ni tupu. Amelisimamisha pembeni ya kitanda changu. Ni la nguo zangu.

Nimempikia matoke na maharage. Maharage nimeyakalia mbele bila kuondoka hata kupiga chafya. Tukila akaniuliza leo tarehe ngapi, kama mtu anayeuliza tu. Nikajibu sawasawa, tarehe, mwezi na mwaka. Nilikuwa nimeandika kiganjani. Nilipoinua mkono kuchukua chumvi, akakiona kiganja.


Jumapili, 13 Julai

Naandika nikiwa nimeketi juu huku, karibu na Therese. Ndani hakukaliki.

Baada ya Misa, siku sahihi safari hii, niliwakaribisha chakula Adventina, mzee Rwegoshora na Kokubanza. Nilitaka mashahidi. Kokubanza alikuja na kitu kirefu kimefungwa kwenye kitenge. Nilidhani ametuletea ndizi.

Chakula kilipoisha nikaketi mkekani, pale penye kivuli, mtumbwi mapajani. Nikawaambia nimejifunza enanga kwa ajili ya ubongo, kama muuguzi alivyoshauri. Adventina akakodoa macho. Nikaingiza mkono chini ya kanga, nikabonyeza. Enanga ikalia.

Kwa dakika kumi nilikuwa mtu mkubwa. Vidole vinakimbia juu ya nailoni, midomo inafuata maneno. Kinyambo, lugha ya huku, nakijua; babu yangu alitoka Rwanda lakini mimi nimezaliwa hapa. Liliane aliweka kikombe chini. Macho yake yalilainika. Nikajiona niko kibanjani mwangu mpaka siku ya kufa.

Nilisahau jambo moja ambalo kila mtoto wa huku analijua. Mpiga enanga hamalizi bila kujigamba. Lazima ajitaje jina, amtaje baba yake, ukoo wake na ushujaa wake. Ndivyo tumbo la mtumbwi lilivyosema, na midomo yangu ikifuata: mimi ni Rwegoshora, mwana wa Kabyemera, niliyevuka mto Kagera umefurika na ng'ombe tisa, nisipoteze hata mkia. Nikaendelea kuchezesha midomo. Ningefanya nini? Mimi niliyemwoa Kokubanza wa shingo ndefu, nikasema, mbele ya Kokubanza. Nikajaribu kuifikia simu, vidole vikanasa kwenye nailoni. Nikavuta, mtumbwi ukaja na mkono. Kisha mtumbwi huo huo, kwa sauti yangu mwenyewe, ukasema mzee asante, jicho linauma, acha niende.

Adventina akatazama viatu vyake. Liliane hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aligeuka akatazama mlango wa chumba changu, kule liliko sanduku.

Lakini mzee Rwegoshora alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti. Amemshika mkewe mkono. Akauliza ni nani yule aliyekuwa akipiga, anapiga vizuri sana. Kokubanza akamwambia ni wewe. Akasema hapana, yeye hajui kupiga. Akaanza kutazama huku na huku. Akauliza hapa ni kwa nani, na kwa nini mama yake hajaja kumchukua.

Mtu wa miaka themanini na mitatu. Alikuwa anakaribia kulia.

Kokubanza hakubabaika, kama mtu aliyezoea. Akafungua kile kitenge. Hazikuwa ndizi, ilikuwa enanga. Akamketisha mkekani kando yangu, akamlazia mapajani, akamwekea vidole juu ya nyuzi. Vidole vikaanza vyenyewe. Dakika ya kwanza uso ulikuwa bado wa mgeni. Kisha kidogo kidogo mzee akarudi. Akaanza kuimba. Akamtaja Kokubanza. Akawataja watoto wao sita kwa mpangilio wa kuzaliwa. Akanigeukia akanitaja mimi, Polikarpi mwana wa Harerimana, mtu wa mizani asiyempunja mtu. Akamtaja Liliane. Akamtaja Therese, akasema amelala juu kibanjani na migomba yake inazaa. Alijua. Enanga ikiwa mapajani, alijua kila kitu.

Nimelia mbele ya watu. Naandika kama ilivyokuwa.

Kokubanza ametueleza. Ni mwaka wa pili sasa. Asubuhi anamwamkia mkewe shikamoo kama mgeni. Anauliza kama ameshakula huku anatafuna. Akishika enanga anarudi, akiiweka anaondoka, na kila mwezi anaondoka mapema zaidi. Watu wanamsifia kichwa kwa sababu humwona akiwa na enanga tu. Kokubanza hatoki naye tena bila hiyo. Na mimi nilitaka kuiazima mpaka Jumapili.

Liliane alimwuliza kwa nini alipiga simu Mwanza. Akasema yeye kwa mumewe alichelewa kuona, alikuwa akicheka tu. Hakutaka na Liliane achelewe.

Nimemwomba Kokubanza radhi. Sikumwambia habari ya kupanua shamba, hiyo itabaki humu.


Jumatatu, 14 Julai

Adventina amepita asubuhi kunipima tena, mbele ya Liliane. Maneno mengine matatu, kisu, mlango, ng'ombe. Nimepata mawili. La tatu nilisema mbuzi, akasema ni karibu lakini si lenyewe. Akamwambia Liliane kwamba usahaulifu wangu haufanani na wa mzee, lakini usipuuzwe, nirudi kila baada ya miezi mitatu. Akarudia ile hotuba ya mazoezi ya kila siku. Safari hii nililazimika kuisikiliza.

Halafu Kokubanza akaja na ombi. Mzee anapenda nikikaa naye. Kama ningeweza kwenda kila siku saa kumi alasiri, yeye apate kuchuma kahawa na kuteka maji bila kumwacha peke yake. Sikumbuki lini mara ya mwisho mtu aliniomba kitu ambacho si soda.

Liliane amefikiri mpaka mchana. Amezunguka kibanja peke yake, akakaa juu kwa mama yake. Aliposhuka alikuwa na masharti. Nibaki, lakini niende kwa mzee kila siku na nijifunze enanga kwelikweli, kwa vidole vyangu, sio kwa simu. Kisha kila jioni nimtumie sauti yangu nikipiga, nitaje siku na kazi niliyofanya, ili asikie kichwa kinavyokwenda. Akisikia mambo yamechanganyika, anakuja kunichukua, na hapo hakuna mjadala. Nimeapa kwa jina la mama yake.

Kesho anaondoka. Sanduku analiacha palepale.


Jumatatu, 21 Julai

Sikuandika wiki nzima. Vidole vimechubuka.

Kwa mzee naenda kila siku, hilo silikosi. Tunaketi mkekani wawili. Ana enanga ya pili, ndogo, ya ujanani, Kokubanza ameitoa darini. Nikifika hanijui, lakini saa kumi na nusu ananiita kwa jina na kunigombeza. Amesema nina mkono wa mtu anayepapasa viazi. Nimecheka, na yeye akacheka. Nampenda mzee huyu, sijui kwa nini nilikuwa namwonea wivu.

Taabu ni yale mazoezi ya nyumbani, ya kumtumia Liliane. Nyuzi tatu, zilezile, kila jioni. Watu wako barabarani wanacheza bao, rubisi mpya imeiva kwa Rugambwa, kahawa ya kuanua iko jamvini, nami nimefungiwa ndani na nyuzi tatu. Mwili unawasha.

Leo nilipiga vizuri. Vizuri sana. Nikajiuliza, kwa nini uzuri huu uishe leo? Nikakaa nikanasa sauti za wiki nzima kwa mkupuo. Leo ni Jumanne, nimepalilia. Leo ni Jumatano, nimekata mikungu mitatu. Leo ni Alhamisi, nimekwenda Rugu kumwona mgonjwa. Mpaka Jumamosi. Moja nimekohoa, moja nimelalamikia joto, ili zisifanane. Kazi yangu sasa ni kubonyeza moja kila jioni.

Mtu anayepanga siku tano kwa saa moja, ubongo wake una kasoro gani? Liliane angejua angejivunia.


Ijumaa, 25 Julai

Wiki ilikuwa nzuri. Nimecheza bao, nimefunga watu wawili. Kwa mzee nimekwenda siku zote. Kila jioni nimebonyeza.

Leo saa kumi na mbili kasorobo Liliane amepiga. Shikamoo baba. Alisema polepole mno, kwa sauti ya kuongea na mtoto aliyeamka usingizini. Akaniuliza leo ni siku gani. Nikajibu Ijumaa, papo hapo, kiganja kitupu. Kisha akaniuliza mbona sauti ya leo inasema ni Jumanne na nimepalilia. Mbona juzi nilisema ni Jumamosi. Mbona jana nilisema ni Jumamosi tena na nikakohoa palepale.

Nimezitazama kwenye simu. Zote zimeandikwa namba tu, ndefu, zinafanana. Kumbe nimekuwa nikibonyeza ovyo.

Liliane alikuwa analia. Binti yangu analia kwa ajili yangu, na mimi niko mzima, nimetoka kumfunga mtu bao. Roho iliniuma kweli. Nilifungua mdomo nimwambie yote. Nikaona nikisema ukweli mimi ni mwongo mara ya pili ndani ya mwezi mmoja, na nimeapa kwa jina la mama yake. Nikinyamaza mimi ni mgonjwa wa kichwa na kesho kutwa niko kwenye kochi.

Nikasema ni malaria.

Wazo zuri, naona. Kila mtu anajua malaria inachanganya siku. Inapanda Jumanne, mtu anaishi Jumamosi. Liliane akaacha kulia. Akasema basi asubuhi anapanda basi aje anipeleke kupima damu. Hilo la damu sikuwa nimelifikiria.

Sasa lazima aone homa kwa macho kabla ya kufika kwenye kipimo. Nimetoa blanketi zito. Nimeketi kitandani najifunza kutetemeka, mabega kwanza, kisha meno. Mwanzo nilikuwa mbovu. Nimerudia nusu saa nzima bila kupumzika, na nitarudia tena alfajiri kabla basi halijaondoka Mwanza. Adventina alisema kweli, siri ni mazoezi.